Mtoto Ambaye Sikumhesabu

Waliponiaga kazini walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Zawadi niliyoitaka nilijichukulia mwenyewe: kile kihesabio cha chuma chenye vitufe, kilichokuwa kimelala kwenye droo tangu mashine kubwa iletwe. Msimamizi aliniona nikikitia mkobani, akageuka kutazama dirishani. Namshukuru. Ninaandika haya kwa ajili yenu mliobaki maabara, ninyi mnaoingiza kichupa cha damu upande mmoja wa mashine na kupokea karatasi upande wa pili. Siwaonei wivu, au tuseme nawaonea kidogo tu.

Mimi ni mtu wa Makina, Kibera, Mnubi wa kuzaliwa palepale. Kazi nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini katika kliniki ya hisani iliyokuwa na vituo viwili, kimoja Kibera, cha pili Kawangware. Jumatatu hadi Jumatano nilikuwa Kibera, Alhamisi na Ijumaa Kawangware, na watoto wa pande zote mbili waliniita Mama Damu. Wakiniona njiani walijificha nyuma ya mama zao. Nilizoea.

Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe jipya na viatu vya kisigino, nikiamini nitakabidhiwa hadubini. Mkuu wa maabara, Bwana Njuguna, alivitazama viatu, akanikabidhi beseni la slaidi chafu. Niliosha vioo wiki nzima. Alikuwa mzee mwembamba wa Riruta Satellite, aliyekuja kazini kwa miguu akiwa amebeba mtungi wa maji ya mvua aliyokinga kwenye mabati ya nyumba yake. Maji tuliyonunua kwa wenye mikokoteni yaliharibu rangi tunayopaka damu, kila chembe ikageuka buluu, na mzee hakuvumilia damu ya buluu. Mvua ikikosekana alichemsha maji, akachuja, akapima, akalalamika mpaka saa ya chai.

Wiki ya pili akanifundisha kutandaza damu. Tone moja, dogo kuliko unavyodhani. Kioo cha pili kiinamishwe, kisha msukumo mmoja mwepesi bila kusita. Ukirudia, umeharibu. Halafu akanipa kihesabio. Kila aina ya chembe nyeupe ina kitufe chake; jicho linabaki kwenye hadubini, vidole vinahesabu, na ukifika mia moja kengele ndogo inalia. Nilihesabu chembe mpaka nikawa nahesabu maharagwe kwenye sahani yangu. Lakini somo lake kubwa halikuhitaji chombo. Kila nilipomwambia nimeona hiki na kile, alinikatiza.

"Usiniambie umeona nini. Anza na kile hakiko. Nini haiko hapo?"

Sote tuliopita mikononi mwake tulikerwa na swali hilo. Ninachotaka kuwaeleza ni jinsi nilivyolisahau siku niliyolihitaji kuliko siku zote.

Achieng' aliletwa na mama yake Jumatatu asubuhi, nikiwa na miaka minne au mitano kazini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, kidato cha kwanza, mchezaji wa netiboli, na alikuwa ameziba pua kwa kitambaa kwa sababu damu haikukoma tangu jana yake. Miguuni alikuwa na vidoa vyekundu kana kwamba amenyunyiziwa pilipili. Mama yake, fundi wa cherehani aliyeshona sare za shule za nusu ya Kibera, alikuwa amekwisha kumnunulia dawa za malaria mara mbili.

"Sasa, Mama Damu," Achieng' alinisalimu kupitia kitambaa. "Usinitoe mingi, hii ingine nimemwaga bure."

Nilimpenda hapo hapo.

Nilitandaza damu yake, nikapaka rangi, nikainamia hadubini. Ilikuwa kama soko lililofungwa siku ya Krismasi. Chembe nyekundu chache, nyeupe za kutafutwa, na zile ndogo za kugandisha damu sikuziona kabisa. Nilibonyeza vitufe mpaka mwisho wa kioo na kengele haikulia, kwa maana chembe mia moja hazikupatikana. Bwana Njuguna alikuwa amebakiza wiki chache astaafu. Akaja, akatazama.

"Nini haiko?"

"Karibu kila kitu."

"Basi hiyo si malaria. Andika barua. Aende leo, si kesho."

Katika hospitali kubwa alipokelewa na daktari wa magonjwa ya damu, Daktari Wanjala, mtu wa sauti ya chini na mikono mikubwa. Alitaka kupima uboho, na kwa kuwa uboho huganda upesi aliomba mtu mwenye mkono mwepesi wa kutandaza. Nikatumwa mimi. Uboho ni ule ute ulio ndani ya mifupa. Yeyote aliyewahi kugonga mfupa wa supu kwenye sahani ili kitoke kile kitamu cha ndani anaujua tayari. Humo ndimo damu yetu inamotengenezwa kila siku ya maisha yetu, bila sisi kuombwa msaada wala kupewa taarifa. Sindano yake ni nene, ina kishikio kama cha bisibisi, na huingizwa nyuma ya nyonga. Ganzi hupoza ngozi na juu ya mfupa, lakini daktari anapovuta uboho wenyewe, mgonjwa anasikia. Achieng' aliuma mkono wa koti langu. Alama za meno yake zilidumu mpaka koti lilipochakaa.

Kwenye kioo, mahali ambapo chembe changa zingekuwa zimesongamana, palikuwa na matone ya mafuta. Kiwanda kilikuwa kimefungwa na wafanyakazi wameondoka, na hakuna aliyejua sababu.

Daktari Wanjala akawaita wazazi. Baba Achieng' alikuwa mwangalizi wa jengo moja la Nyayo Highrise, mtu mtulivu mwenye funguo nyingi kiunoni zilizomtangaza kabla hajafika. Mimi niliombwa nikae nao kwa sababu walinifahamu. Daktari akasema kuongezewa damu kungemshikilia msichana kwa muda, kusingemponya. Tiba ilikuwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, na hilo halikufanyika kwetu wakati ule. Ilibidi kwenda India.

"Mtamkata mfupa mumwekee ya mtu mwingine?" Baba Achieng' akauliza. "Na huyo wa kutoa, atatembea kweli?"

Daktari hakucheka. Alieleza taratibu, nami narudia alivyoeleza, maana katika miaka yangu yote sijasikia jambo la kazi yetu lililonistaajabisha kuliko hilo. Hakuna mfupa unaokatwa. Mtoaji analazwa usingizi, anachomwa sindano nyuma ya nyonga mara nyingi, na uboho unavutwa na kukusanywa kwenye mfuko. Mgonjwa anakuwa amekwisha kupewa dawa kali za kuufuta ule uliobaki mwilini mwake. Kisha mfuko unatundikwa na kutiririka mshipani mwake kama damu ya kawaida. Hakuna anayeuelekeza. Unazunguka na damu, unaifikia mifupa, unaijua, unakaa, na baada ya wiki kadhaa unaanza kazi. Njia hiyo hutumika pia kwa baadhi ya saratani za damu, na hata kwa watoto wachache wa selimundu, ugonjwa ambao majirani zetu waliotoka kandokando ya Ziwa Victoria wanaujua kwa uchungu. Nilitoka chumba kile nikitembea kama mtu aliyetoka kusali.

"Na huyo ametoa?" Mama Achieng' aliuliza.

"Yake inajaa tena yenyewe. Wiki chache tu."

Kikwazo kilikuwa kimoja. Chembe zetu zina alama, nusu tunarithi kwa baba, nusu kwa mama, na uboho wenye alama za kigeni unaweza kukataliwa, au wenyewe ukaushambulia mwili ulioukaribisha. Alama zilipaswa kulingana. Mahali pazuri pa kutafuta ni kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ambao kila mmoja wao ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa. Ndugu, basi. Daktari akasema hivyo mara mbili.

Habari zilipoenea, jamaa walifurika kliniki wakiwa wamekunja mikono ya mashati. Mmoja wao alikuwa Rose, dada mdogo wa Mama Achieng', msusi wa nywele kutoka Kawangware, aliyekuja na binti yake Adhiambo wa miaka kumi na miwili. Ilibidi nimkatalie. Jamaa wa damu hawakutakiwa kumwongezea Achieng' damu, kwa sababu mwili wake ungejifunza kupigana na damu ya ukoo na baadaye kuukataa uboho wao. Rose alinuna kama mtu aliyefukuzwa arusini, lakini akatoa damu iende kwa wagonjwa wengine. Wakati akipumzika nilimpa Adhiambo biskuti na kumruhusu kuchungulia hadubini. Yaani nilimwona mtoto yule, nikamshika bega, nikamwonyesha mahali pa kuweka jicho.

Siku iliyofuata nilijaza fomu ya ndugu, na hapo ndipo nilipokosea.

Kwetu Wanubi mtu hahesabu watoto. Utahesabu magunia, utahesabu mabati, lakini mtoto ukimtia namba umemwitia jicho baya. Wajaluo, watu wa akina Achieng', nao ni hivyo hivyo, na majirani zetu wengine wengi. Kibera nzima haikubaliani juu ya jambo lolote isipokuwa hilo. Kwa hiyo nilimuuliza Mama Achieng' kwa kuzunguka, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Ndugu zake Achieng', Mungu amekujalia nani na nani?"

"Ni hawa unaona," akajibu, akinyoosha kidevu kwa wavulana wawili waliokuwa kwenye benchi, Onyango wa miaka tisa na Ouma wa saba.

Nikaandika wawili. Mimi ambaye kutwa nzima nilihesabu chembe za watu mia kwa mia, nikaona haya kuhesabu watoto wa mtu.

Damu ya kupima alama haipendi barafu, kumbukeni hilo. Chembe zinatakiwa zifike zikiwa hai. Nilivifunga vichupa kwa pamba na magazeti ndani ya kopo la biskuti, nikamkabidhi daktari mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda India, nikamwambia kopo lisitoke mapajani mwake. Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Onyango hakulingana. Ouma hakulingana.

Achieng' alikuwa sasa anaongezewa damu mara kwa mara, na homa zilikuwa zimeanza. Alikuwa ameacha kutania. Daktari Wanjala aliniambia wazi, tukiwa tumesimama kwenye korido, kwamba bila ndugu anayelingana hana cha kumpa msichana yule zaidi ya muda, tena mfupi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kutandaza damu za watu wengine.

Jumamosi nilikwenda Riruta Satellite kwa Bwana Njuguna, aliyekuwa amestaafu na kuanza kufuga sungura. Sikujua nilichokwenda kutafuta, pengine kuhurumiwa, kitu ambacho kwake hakikuwapo. Nilimpa nakala ya fomu. Akafuta miwani kwa shati, akaisoma polepole, sungura mmoja akimtafuna kamba ya kiatu.

"Nini haiko?"

"Anayelingana hayuko."

"Hapana. Kwa hii karatasi." Aliweka kidole kwenye safu ya umri. "Msichana, kumi na tano. Halafu kijana, tisa. Mwingine, saba. Hapa katikati huyu mama alikuwa anafanya nini?"

Nikasema labda mimba iliharibika, labda mtoto alifariki, mambo ambayo mtu haulizi.

"Ulihesabu, ama uliangalia benchi?"

"Niliangalia benchi."

"Rudi uulize," akasema, akinirudishia fomu. "Lakini safari hii uulize kama fundi, si kama jirani."

Jumatatu sikungoja aje kliniki. Nilimkuta Mama Achieng' kwenye cherehani yake, akikanyaga bila kutazama kitambaa. Nikaketi juu ya rundo la sare na kumuuliza moja kwa moja kama alizaa baada ya Achieng' na kabla ya Onyango. Mguu wake ukasimama, gurudumu likazunguka kidogo lenyewe, nalo likasimama.

"Nilizaa," akasema. "Lakini huyo si wangu."

Kisha akanieleza yote, akikunja na kukunjua kola moja mikononi. Rose alikuwa amepoteza mimba tatu, na watu wa mume wake walikuwa wameanza kusema maneno. Adhiambo alipoacha kunyonya, Mama Achieng' alimbeba mpaka Kawangware, akamwacha. Walipatana, wao na waume zao, jambo moja tu, kwamba habari hiyo isitajwe tena, kwa mtoto wala kwa mtu yeyote. Miaka kumi ilikuwa imepita. Mtoto alimwita yeye mama mkubwa.

"Uliniuliza Mungu amenijalia nani," akasema. "Huyo nilikuwa nimempea Rose."

"Na tangu majibu yarudi, hujamfikiria?"

"Nimefikiria kitu ingine?" Sasa alikuwa ananitazama. "Nilimpeana na mikono mbili, Mama Damu. Rose akisikia nimemtaja, atajua nimeanza kumhesabu. Na nikinyamaza, Achieng' anaisha hapo kwa kitanda. Niambie wewe. Nimuue nani?"

Nilimwambia kwamba Alhamisi ni siku yangu ya Kawangware, na kwamba kama angetaka, tungekwenda pamoja.

Saluni ya Rose ilikuwa chumba cha mabati kilichojaa vioo na harufu ya mafuta ya nywele. Alikuwa anamsuka mteja. Alimwona dada yake mlangoni, akaniona mimi nyuma yake, na kitana kikamponyoka.

"Mmekuja kumchukua."

Nilijaribu kueleza. Nilisema tunataka kijiko cha damu tu cha kupima, kwamba huenda asilingane, kwamba akilingana atalala usingizi na kuamka na maumivu ya kiuno ya siku chache. Nilisema mengi, na kwa haraka, kama ninavyofanya nikiogopa. Rose alinisikiliza huku macho yake yakiwa kwa dada yake.

"Hiyo kitu ya ndani ya mfupa," akauliza, "ikitolewa inarudi?"

"Inarudi yote."

"Na mtoto? Yeye anarudi?"

Mama Achieng' aliinama, akaokota kitana, akakipangusa kwenye sketi yake.

"Anarudi kwako, Rose. Na mimi India siendi. Utaenda wewe na wao, wote wawili. Huyu wangu nakupea pia, umshikie mpaka apone."

"Ati unanipea mwingine," Rose akasema, sauti ikavunjika katikati, na hapo wakashikana. Mteja, ambaye nusu ya kichwa chake ilikuwa bado, naye alikuwa analia. Nilipata mahali pa kutazama, kwenye tangazo la sabuni ukutani.

Rose alipojifuta uso alitoa sharti moja. "Nitamwambia mwenyewe. Leo. Na musikuwe hapo."

Kesho yake waliingia kliniki ya Kawangware kabla ya kengele ya shule, macho yao wote wawili yamevimba. Sijui yalisemwa nini usiku ule na sikuuliza. Adhiambo aliketi, akaweka mkono mezani bila kuambiwa.

"Mama Damu, ati mimi nilizaliwa Kibera?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Na Achieng' ni sista yangu kabisa, si wa kusema tu?"

"Kabisa. Lakini kama damu zenu zinalingana sijui bado."

"Toa basi." Akafumba macho, akafumbua moja. "Lakini ukimaliza nione kwa hiyo hadubini. Yangu, si ya mtu mwingine."

Nilitandaza tone lake, nikapaka rangi kwa maji ya mvua ya Satellite, ambayo Bwana Njuguna aliendelea kutuletea hata baada ya kustaafu. Adhiambo aliinama, kisha akageuka na uso uliong'aa. Akamwita Rose, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu asiyejua kama bado ana ruhusa ya kuingia. "Mama, kuja uone. Mama, hebu kuja." Rose akavuka chumba. Nimesikia watu wengi wakishusha pumzi katika kazi yangu, lakini ile ya Rose bado naisikia.

Kopo la biskuti likasafiri tena. Daktari Wanjala alipopiga simu nilikuwa na kioo mkononi, na aliposema alama zote zimelingana nilikaa sakafuni na kioo changu, mtu mzima mwenye koti jeupe. Harambee ya kuchanga nauli na gharama za hospitali ilifanyika, kila Mkenya anajua inavyokwenda, sina la kuongeza. Baada ya miezi miwili Rose alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, msichana mmoja mkono wa kulia, mwingine mkono wa kushoto.

Simu zilikuja katika ofisi ya jengo la Baba Achieng', naye akanipigia maabara kunipa namba. Uboho ulitiwa mchana mmoja, akasema Rose, na haukuchukua muda mrefu. Kama ungetazama bila kuelezwa ungedhani ni damu tu. Adhiambo aliamka akaomba chai. Kisha tukaanza kungoja. Achieng' alikuwa chumba cha peke yake, akitazamwa kupitia kioo, mdomo umejaa vidonda, chembe nyeupe sifuri. Sifuri, sifuri tena. Kila asubuhi niliyokuwa Kibera, Mama Achieng' alikuja dirishani kwangu, mwanamke ambaye hangehesabu watoto wake kwa pesa yoyote, akauliza, "Leo ni ngapi?" Tuliandika namba nyuma ya kalenda. Wiki ya tatu Rose alipiga simu akipiga kelele hata Baba Achieng' akadhani ni msiba. Chembe zilikuwa zimeanza kuonekana. Chache, lakini zilikuwa mpya, na zilikuwa zinatoka ndani ya mifupa ya Achieng'.

Walirudi baada ya miezi mingi. Achieng' alikuwa mwembamba, nywele fupi kama za mtoto mchanga, na alikuwa amerudi kutania. Nilimtoa damu, nikahesabu, na kwenye mia moja kengele ikalia. Nililia mbele yao bila aibu. Halafu nikapima kundi la damu kwa ajili ya faili jipya, na likatoka O. Kadi yake ya zamani, niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ilisema B. Nikadhani nimechanganya vichupa. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya tatu nikakumbuka nani aliyekuwa na kundi O, nikaacha kupima.

"Damu yako imekuwa ya Adhiambo," nikamwambia. "Yote. Ya kwako ya zamani imekwisha."

"Kumbe ndani mimi ni Adhi?" Achieng' akageuka kumtazama mdogo wake.

"Kaa na damu," Adhiambo akasema. "Viatu zangu usiguse."

Walikuwa kwenye benchi moja siku hiyo, wasichana wawili, na mama zao kila mmoja upande wake. Ilibidi nijaze fomu mpya. Nilifika kwenye ule mstari. Nilishika kalamu na kusikia ile haya ya zamani, nikamkumbuka mzee na sungura zake, nikauliza kama fundi.

"Mama Achieng', watoto ni wangapi?"

Alitazama mikono yake, kisha akamtazama dada yake, na akangoja.

"Andika wanne," Rose akasema. "Mmoja anakaa kwangu."

Nikaandika wanne, kwa tarakimu na kwa maneno.